Chumba cha kulipia wakati wa giza, Kirumba mlimani, Mwanza (nimekaa miezi 8)

Niseme mapema kabisa, choo ni kimoja kwa vyumba tisa. Mwenye roho nyepesi aishie hapa.

Waliobaki sasa. Mi nabeba mizigo na kufunga dagaa pale Mwaloni, soko la samaki, nina miaka 23, na kabla ya hiki chumba nilikuwa nalala hapohapo Mwaloni juu ya magunia, sio kwamba sikuwa na hela kabisa, hapana, kodi ya mwezi mmoja nilikuwa naipata vizuri tu, kilichonishinda ni ile miezi sita ya mkupuo. Piga hesabu mwenyewe, chumba cha 40,000 mara sita ni 240,000, dalali nae anataka ya kwake ya mwezi mmoja, tayari 280,000, na bado hujanunua hata godoro. Af kila chumba unachooneshwa unatoa 10,000 hata kama kimepangishwa jana. Dalali mmoja alinizungusha siku tatu Nyakato, Mabatini mpaka Igogo, elfu thelathini ikayeyuka na nauli juu, mwisho ananiambia mwenye nyumba hataki mabachela. Si ungesema tangu Nyakato?

Sasa mwenye nyumba wangu, huyu mayu (yaani mama kwa Kisukuma), nilielekezwa na mama ntilie. Nikapanda jioni, nikamwamkia mwadila mayu, akacheka, akaniuliza swali ambalo hakuna dalali aliwahi kuniuliza, "we ngosha, hela yako huwa inaingia lini?"

Anayejua dagaa ashaelewa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapaki, na sisi wa nchi kavu tunapaki nayo, siku kama kumi hivi mtu unaishi kwa kukopa uji. Wenye nyumba wengi wanahesabu tarehe, tarehe moja ikiangukia kwenye mbalamwezi umekwisha. Marehemu mume wa mayu alikuwa mvuvi, kwahiyo yeye anapokea kodi giza likishakolea, 35,000, mwezi kwa mwezi, dalali hayupo, anaandika kwenye kaunta buku lake na wewe unasaini. Miezi nane sijawahi kugongewa mlango.

Chumba chenyewe futi kumi kwa kumi, bati tupu juu, silingi bodi hakuna. Ukuta wa nyuma umeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba, na jiwe la Mwanza mnalijua, mchana kutwa linaota jua, usiku joto lote linakuletea wewe kitandani, saa sita bado unageuka kama samaki kwenye kikaango. Pimbi wanashinda nje ya dirisha wananikodolea macho kama mi ndo nimewavamia, na kusema kweli ndivyo. Ila asubuhi ukifungua mlango ziwa lote liko chini yako, wale wa Capri Point wanalipia pesa ndefu kwa kitu hikihiki.

Maji yanaishia bombani kule chini, kupandishiwa dumu ni 500, mi nabeba mwenyewe. Luku ya umeme ni moja, kila chumba 5,000, pasi na hita marufuku, na wa chumba namba 4 ana hita tunajua.

Jirani yangu alisoma sheria chuo cha SAUT, kazi hajapata, anauza chaji na makava ya simu Makoroboi. Yeye ndo kaniambia kulikuwa na sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005, kwahiyo mwenye nyumba akisema miezi sita ni miezi sita, akisema mwaka ni mwaka. Tunaambiwa nchi ina upungufu wa nyumba kama milioni 3, sibishi, ila kwenye ile mizunguko na dalali vyumba vitupu niliviona kibao, vimepigwa kufuli vinasubiri mtu mwenye mkupuo, na usiku mi narudi kwenye magunia.

Nyota nampa 4. Hiyo moja naikata kwasababu mayu hampokei mtu asiye na kitambulisho cha NIDA na mdhamini. Namwelewa, mwenyekiti wa mtaa akija anamuuliza yeye. Lakini wale madogo wawili niliokuwa nalala nao Mwaloni mmoja ana 16 mwingine 17, NIDA wataitoa wapi, na wa kuwadhamini angekuwepo wasingelala pale. Nilimuombea mara mbili, akakataa, mara ya tatu akanipa sufuria la ugali niwapelekee.

Chumba cha pembeni kinaachwa wazi giza lijalo, jamaa anahamia Buhongwa. Ukimtaka mayu muulize mama ntilie yeyote pale njia ya kupandia, ukija usiku shika tochi, ngazi ya tatu kutoka juu imekatika na hamna anayetaka kuchangia simenti.