Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini: tulikighani nyumbani

Kitabu hiki cha Shaaban Robert nilikinunua mtumba, kwa muuzaji anayepanga vitabu chini kando ya barabara. Gundi ya mgongoni ilishakufa. Siku ya kwanza tu karatasi mbili zilinibaki mkononi. Kagua kabla ya kulipa.

Nilikitafuta kwa sababu ya kazi. Nimeacha ukarani wa miaka kumi na moja, naanza upya, na nilitaka habari za mtu aliyehamahama ofisi bila kuiweka kalamu chini. Shaaban alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Akaenda Mpwapwa, idara ya mifugo, akarudi Tanga ofisi ya wilaya 1946, na kuanzia 1952 akawa ofisi ya upimaji ardhi. Anayasimulia haya kwa staha kubwa, na hapo kiu yangu haikukatika: nilitaka zaidi habari za mshahara, za wakubwa wake, za usiku alipokaa kutunga baada ya kutoka kazini.

Lakini mashairi yaliyomo ndani! Jioni moja Mama alikuwa anachagua mchele, nikamsomea lile la kumlilia mkewe, Amina. Nilisoma kama gazeti. Akanikatiza: "Halisomwi hivyo, mwanangu. Lighani." Akaniomba nimtajie maneno, kisha akayachukua yeye kwa mahadhi, akipumua kila baada ya mizani nane, yaani silabi nane, kidole kikigonga ukingo wa ungo. Baba ametutoka mwaka wa tatu sasa. Mama alipofika kituo, ule mstari wa mwisho wa ubeti, alinyamaza kidogo, akasema, "Rudia."

Tangu hapo kila usiku tulighani beti kumi za zile tenzi Shaaban alizowatungia watoto wake: Hati ya bintiye Mwanjaa na Adili ya mwanawe Hussein, beti mia kila moja. Nilipozisoma kimya zilinichosha, nasaha juu ya nasaha. Zikighaniwa, kile kina kimoja, sauti ileile ya mwisho inayofunga kila ubeti, kinakushika mkono, nawe unasubiri kirudi. Nadhani mtu aliyelelewa pwani, ambako utenzi husikika kabla ya kusomwa, hakutunga kwa ajili ya jicho peke yake.

Kwa anayependa ushairi, nakisifu kwa moyo wote. Mimi sasa natafuta nakala nyingine iliyokamilika, maana hii Mama ameshaishona mgongo kwa uzi mweusi na kuiweka chini ya mto wake.