Fundi wa kuwasha vinyunyizi vya nyasi kabla ya kiangazi: uzoefu wangu Lang'ata, Nairobi

Nyota nne kati ya tano. Ukitaka kumlipa fundi aje kuamsha mfumo wa kumwagilia nyasi baada ya vuli, mlipe, lakini hakikisha unalipia kazi. Kubonyeza swichi hata mtoto anaweza.

Sisi tuko kwenye udongo mweusi. Wanaoujua wanajua: mvua ikinyesha unavimba na kunata, jua la Januari likiwaka unakauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mabomba yaliyofukiwa humo huvutwa huku na huku, na viungio ndivyo huachia kwanza. Mfumo ukishalala tangu Oktoba, huwezi kujua kilichoharibika mpaka maji yapite.

Kampuni ni ndogo, mafundi wawili na pikipiki. Kilichonifurahisha ni mpangilio wao. Kabla ya kugusa koki walisafisha kichungi cha pampu, ambacho kilikuwa kimejaa tope, maana kwa huu mgao wetu maji yakirudi bombani hurudi na uchafu wake. Kisha wakafungua nozeli (vichwa vya kutolea maji) za mwisho katika kila sehemu ya bustani, ndipo wakaachilia maji, koki ikiwa imefunguliwa kidogo tu. "Polepole, mama," aliniambia yule mkubwa, "bomba limejaa hewa." Maji yakikimbia ndani ya bomba tupu hugonga viungio kwa nguvu na kuvipasua. Walingoja hewa iishe na maji ya kahawia yawe meupe kabisa, kisha wakarudisha nozeli. Kuna mafundi huruka hatua hii, na mchanga wote huishia kwenye vitundu vya vinyunyizi.

Kiungio kimoja karibu na geti kilikuwa kinavuja, wakakikata na kukiunga upya. Valvu moja ya umeme, ile inayofungua na kufunga maji yenyewe, ilikataa kufunga. Nilitegemea kuuziwa mpya. Waliifungua, wakakuta punje ya mchanga imekaa chini ya kile kipande cha mpira, wakaiosha na kuirudisha. Hapo ndipo nilipowaamini.

Kisha wakapanga mikebe mitupu kwenye nyasi, wakawasha maji kwa dakika 10 na kupima kwa rula. Katikati milimita 5, kando ya ukuta 2. Kumbe vinyunyizi vya ukutani vilikuwa vimeinama, udongo umevisukuma. Wakavinyoosha na kupima tena. Kipimo hiki peke yake kina thamani ya nusu ya pesa niliyolipa, kwa sababu milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi zetu ni kama mita 120 za mraba, kwa hiyo milimita 20 kwa wiki ni lita 2,400, karibu nusu ya tangi letu la lita 5,000. Jiji likinywa kwa kutegemea Ndakaini na mabwawa mengine, hesabu hiyo ni lazima uwe nayo kabla ya kugusa taima, kile kifaa cha kuwasha maji kwa ratiba.

Walinishauri nimwagilie mara mbili kwa wiki, maji yashuke chini, badala ya kulowesha juu juu kila siku; nyasi za kikuyu zina mizizi ya kuyafuata. Na kwa udongo wetu, kila zamu igawanywe mara mbili na pumziko katikati, la sivyo maji hutiririka hadi kwenye maegesho kabla hayajanywewa. Nimefuata, na nyasi ni kijani mpaka sasa.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu mbili. Nauli ya pikipiki niliisikia wakati wa kulipa, na hilo si sawa. Mtu aambiwe kwa simu mapema. Pili, waliweka ratiba ya saa kumi na moja alfajiri, vizuri sana, lakini hawakuangalia betri ndogo ya ndani ya taima. Umeme ulipokatika usiku, ratiba yote ikafutika, na niligundua nyasi zilipoanza kunyauka. Nilipopiga simu walinielekeza kwa upole mpaka nikairudisha, lakini betri ni kitu cha kukaguliwa siku ile ile, na hununuliwa duka lolote.

Nitawaita tena masika yakiisha. Ukiwapata, ulizia nauli kwanza, na usiwaache waondoke kabla ya kupima kwa mikebe na kufungua kifuniko cha taima mbele yako.