Pikipiki inazima ikipata moto: uzoefu wangu na fundi anayepima kwa mita

Namwandikia maoni fundi mmoja wa jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, kwa sababu mafundi wanaopima kabla ya kubadilisha kifaa ni wachache, na sisi wenye pikipiki za kazi tunaliwa sana na wale wa aina nyingine.

Pikipiki yangu ni ya cc 125, ya kabureta, napelekea mizigo midogo mpaka Mzumbe. Asubuhi ilikuwa inawaka kwa kiki moja na kwenda vizuri, ila ikishapata moto inazima katikati ya barabara. Ukiiacha ipoe, inawaka kana kwamba haijawahi kuumwa. Gereji ya kwanza walibadilisha plagi. Ikazima. Wakasafisha kabureta na kuweka chujio jipya la mafuta. Ikazima. Mwisho wakasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Nikanunua, ikazima vilevile, na kabureta yangu ya zamani wakabaki nayo.

Huyu wa Msamvu alianza kwa swali. "Kaka, inakata ghafla kama umezima swichi, au inakohoakohoa kwanza?" Nikamwambia inakata ghafla. Akasema mafuta yakipungua injini huanza kumisi na kukosa nguvu kabla ya kufa. Ikikata ghafla, wa kushukiwa kwanza ni umeme. Hata hivyo alifungua kifuniko cha tanki akapuliza tundu lake la hewa, maana likiziba mafuta hayashuki, na pikipiki inaweza kwenda mwendo fulani ikazima, kisha ikawaka baada ya kupumzika.

Kisha akaiendesha mwenyewe hadi ikazima, akarudi anaisukuma juani. Hapohapo, injini ikiwa bado ya moto, akachomoa plagi, akaigusisha kwenye bodi ya injini na kupiga kiki. Hakuna cheche. Akachomoa soketi ya waya za magneti, yaani mtambo unaozalisha umeme wa pikipiki, akapima kwa mita kifaa kiitwacho pulsa: haisomi kitu. Tukanywa chai. Injini ilipopoa akapima tena, ikasoma ohm mia mbili na ushee, sawasawa kabisa.

Pulsa ni koili ndogo inayoipa sidiai (CDI, kifaa cha umeme kinachosimamia cheche) ishara ya kurusha moto kwenye plagi. Kwenye pikipiki yangu imekaa ndani ya kava ya kushoto, kando ya magneti, kwenye joto. Waya wake mwembamba ukikatika kwa ndani, injini ikipata moto ncha zinaachana, ikipoa zinagusana tena. Ndiyo maana kila nilipofika gereji, moto wa plagi ulikuwepo na wao wakaona tatizo ni kabureta.

Pulsa yenyewe ilinigharimu shilingi 12,000 na ufundi 15,000. Kabureta ile mpya ilikuwa zaidi ya mara mbili ya jumla hiyo. Wakati wa kufungua kava aliilaza pikipiki upande wa kulia ili oili isimwagike, akarudishia bila kuniuzia oili mpya.

Kasoro anazo. Hakuwa na gasketi ya kava, akapaka silikoni, na sasa upande ule unatoka jasho la oili. Inabidi nifute kila nikiosha. Risiti hatoi. Pia anapokea kazi nyingi kuliko mikono yake, kwa hiyo akikuambia saa nane, jipange kwa saa kumi na moja.

Baada ya hapo haikuzima tena njiani, ila ilikuwa haikai saileni, yaani haingurumi taratibu ukiachia mafuta, kila nikisimama kwenye makutano inakufa. Angeweza kunizungushia skrubu ya saileni tu nikaondoka. Badala yake aliniambia niilaze pale kwake, kwa kuwa tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, hupimwa injini ikiwa baridi. Asubuhi akakuta valvu ya kutolea moshi imekaza, nafasi yake ni ndogo mno: injini ikipata joto haifungi vizuri, kompresheni inavuja. Akaseti kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, 0.05 mm kwa valvu ya kuingiza na 0.10 mm kwa ya kutolea, kama kitabu cha pikipiki yangu kinavyotaka. Kwa kazi hiyo alichukua 5,000.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda kwake, nenda na gasketi yako mkononi, na mweleze inazima vipi kabla hajauliza.