Ndoana za duara namba 7/0: nunua, ila zikague kwanza

Kwa anayevua kwa mshipi nje ya Kunduchi au Kigamboni, Dar es Salaam, na anataka kumwachia samaki akiwa mzima, hizi ndizo za kununua. Ncha imekunjwa kuelekea shina, hivyo samaki akimeza chambo na kuondoka, ndoana huteleza kutoka kooni ikajikita pembeni mwa mdomo. Kolekole, changu na chewa hunasika vizuri. Kasa naye huimeza kwa shida kuliko ndoana ya kawaida, na kasa analindwa kisheria.

Tatizo la pakiti zinazouzwa mjini ni mchanganyiko. Ilaze ndoana juu ya kioo cha kaunta. Ikilala bapa yote, chukua. Ncha ikiinuka, imepindishwa upande, na ya namna hiyo hujichoma kooni kwa urahisi, faida yote ikapotea. Kataa pia za chuma cha pua: zinang'aa na hazishiki kutu, lakini ikibaki moja tumboni mwa samaki haiozi. Za chuma cha kawaida utazibadilisha mara kwa mara, na ni sawa.

Nyingi huja na kimwiba, kijino kidogo karibu na ncha kinachozuia ndoana kuchomoka. Kibane kwa plaizi, taya zikiwa sambamba na ncha, polepole. Ukikibana kwa kukatiza, chuma kigumu huvunjika pamoja na ncha. Kisha ichome kwenye kitambaa cha pamba na uichomoe. Ikivuta uzi, rudia. Wengi huogopa kwamba samaki atatoroka, na kweli atatoroka mshipi ukilegea, basi usiulegeze. Kwenye Mto Columbia, Marekani, wanaomvua stajoni, samaki wa mayai ya kaviari, wanalazimishwa na sheria kutumia ndoana isiyo na kimwiba, na aliyezidi kipimo haruhusiwi kutolewa majini. Jike wa huko huchukua zaidi ya miaka 15 kabla ya kutaga mara ya kwanza. Ukimpoteza mmoja, umepoteza mengi. Chewa wetu wakubwa wanastahili uangalifu huo huo.

Wanaosema ndoana hizi hazinasi huwa wanashtua mshipi samaki anapogusa tu, na ndoana huchomoka kabla haijageuka. Mwache aondoke, mshipi ukaze wenyewe, ndipo uanze kuvuta bila kushtua. Chambo nacho kisizibe nafasi kati ya ncha na shina: ngisi mchome mara moja tu. Kwa kukokota chambo bandia ukitafuta nguru, tafuta ndoana nyingine.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, jirani na Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari. Kuvua humo ni marufuku, hata kama nia yako ni kuachia.

Samaki akiimeza ndoana hadi ndani, usiichokonoe. Kata uzi kwa mkasi karibu kabisa na mdomo, samaki akiwa bado majini, umwache aende.