LibreOffice Writer kwa mtu wa miongozo: picha inakaa unapoiweka

Kazi yangu ni kuandaa miongozo ya mashine. Namna ya kutia uzi kwenye cherehani, namna ya kufungua pampu ya maji na kuisafisha, namna ya kubadilisha mkanda wa mashine ya kusaga. Mwongozo wa aina hii bila picha hauna maana. Anayeusoma ana bisibisi mkononi na hana muda wa aya nne. Anataka kuona ni skrubu ipi inayolegezwa kwanza. Ndiyo maana nikipima programu ya kuandikia siangalii kwanza fonti wala kisahihisha tahajia. Naangalia jambo moja: picha nikiiweka chini ya hatua ya tano, halafu nikaongeza maneno kwenye hatua ya pili, itabaki na hatua yake au itahama?

Kwa LibreOffice Writer, picha inabaki, mradi umeielewa nanga, yaani mahali picha ilipofungwa ndani ya waraka. Nimeitumia programu hii kwa kazi za kila siku, na naipenda kwa sababu hiyo kuliko zote. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na inasimamiwa na The Document Foundation tangu mwaka 2010. Lakini ubure peke yake usingenishika hivi. Kilichonishika ni namna inavyomwachia mwandishi aamue mwenyewe picha ifuate nini.

Kuingiza picha hakuna ugumu. Unapita menyu ya kuingiza, unachagua picha, unachagua faili. Au unaiburuta kutoka kwenye folda na kuidondosha kwenye ukurasa. Ukishaiingiza, ibofye mara moja. Utaona alama ndogo ya nanga pembeni ya aya mojawapo. Watu wengi hawaitazami alama hiyo kabisa, na ndiyo inayoeleza kwa nini picha zao zinahamahama. Inakuonyesha picha imefungwa wapi, na unaweza kuishika kwa kipanya ukaiburuta hadi aya nyingine.

Nanga zenyewe ni za namna nne hasa. Picha ikifungwa kwenye ukurasa, haijali maandishi: futa kila kitu, yenyewe itakaa palepale kwenye ukurasa wake. Hiyo naitumia kwenye jalada tu. Kwenye mwongozo wenyewe siitumii kamwe, kwa sababu hatua zikisogea mbele picha inaachwa nyuma. Ikifungwa kwenye aya, inasafiri na aya hiyo. Ikifungwa kwenye herufi, inasafiri na neno mahususi ndani ya aya, jambo linalofaa aya ikiwa ndefu. Na ya nne, picha kuwa kama herufi: inaingia ndani ya mstari na kukaa kati ya maneno kama herufi kubwa mno, na mstari unapanuka kuipisha.

Hii ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi. Chukua sentensi inayomwambia msomaji abonyeze kitufe chenye alama ya duara na mshale. Badala ya kuielezea alama hiyo kwa maneno sita, napiga picha ya kitufe chenyewe, naikata, naipa kimo cha nusu sentimita, na kuiweka katikati ya sentensi kama herufi. Mwanzoni inakaa juu ya mstari, imechomoza vibaya. Kwa hiyo naibofya mara mbili, naenda kwenye sehemu ya mahali pa picha, na upande wa wima nachagua ikae katikati ya mstari. Hapo inatulia na maneno. Sentensi ikihama kwenda ukurasa mwingine, kitufe kinakwenda nayo, na mimi sina kazi ya kurudi kukitafuta.

Kwa hatua zenye picha kubwa natumia jedwali la safu mbili lisilo na mistari: picha kushoto, maelezo kulia, kila hatua na mstari wake wa jedwali. Picha zote humo zina nanga ya kama herufi. Kisha kwenye sifa za jedwali naondoa ruhusa ya mstari mmoja wa jedwali kukatika kati ya kurasa mbili. Matokeo yake hatua na picha yake haviachani kamwe, hata nikiongeza aya kumi hapo juu. Sijaona mpangilio mwingine unaovumilia mabadiliko ya dakika za mwisho kama huu, na kwenye kazi ya miongozo mabadiliko ya dakika za mwisho hayakosekani.

Maandishi yanavyozunguka picha ni suala jingine, na hapa Writer imekamilika. Unaweza kuyazuia yasikae pembeni, kuyaruhusu upande mmoja, pande zote mbili, kuiweka picha nyuma ya maandishi, au kuyafanya yafuate umbo la picha. Nafasi kati ya picha na maneno ndiyo inayosahaulika. Mimi naweka sentimita 0.3 kila upande, la sivyo herufi zinaibana picha na ukurasa unaonekana umesongamana. Badala ya kurudia hilo kwa kila picha, fungua dirisha la mitindo kwa F11, nenda kwenye mitindo ya fremu, na ubadilishe mtindo wa picha mara moja. Picha zilizomo zinaufuata. Mwongozo wenye picha sitini unanyooka kwa kubofya mara chache.

Sasa kuhariri. Kukata kingo kuna njia mbili: kwa kipanya, ukivuta pembe za picha, au kwa namba ndani ya sifa za picha. Natumia namba, kwa sababu picha za mfululizo lazima zilingane. Hapo kuna chaguo mbili ambazo ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza inalinda kipimo cha vitu vilivyomo: ukikata, picha inapungua, ila skrubu inabaki na ukubwa uleule. Ya pili inalinda ukubwa wa picha nzima: ukikata, kilichobaki kinavutwa kujaza nafasi ileile, na skrubu inakuwa kubwa zaidi. Nikitaka kumsogeza msomaji karibu na tundu la sindano ya cherehani, natumia ya pili.

Kukata huku hakufuti kitu. Sehemu iliyokatwa imefichwa tu, na kuna kitufe cha kuirudisha picha kwenye ukubwa wake wa awali. Kwa mhariri ni raha tupu. Kwa mtu anayetuma waraka nje ni jambo la kuogopwa, na nalisema hili kwa uzito wote. Umepiga picha ya mashine, na pembeni imeingia karatasi yenye jina na namba ya simu ya mtu. Ukiikata ndani ya Writer na kutuma faili la odt, yaani aina ya faili ya Writer yenyewe, anayelipokea anaweza kuirudisha karatasi hiyo mbele ya macho yake. Tena faili la odt ni kifurushi cha zip: badilisha odt mwishoni mwa jina lake iwe zip, lifungue, na ndani utakuta folda yenye picha zilizopachikwa. Kilicho cha siri kikate kabla ya kuiingiza picha, kwa programu ya picha, ukahifadhi faili jipya. Sheria hii haina msamaha kwangu.

Uzito wa faili ni eneo ambalo Writer inakupa zana nzuri ila haikusukumi kuitumia. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Kwenye mwongozo naipa upana wa sentimita 8, yaani kama inchi 3.15. Kwa uchapishaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, nahitaji pikseli 945 tu za upana. Zaidi ya robo tatu ya upana ni mzigo usioonekana, na ukihesabu eneo lote, ni karibu asilimia 95 ya pikseli zinazobebwa bure. Kuipunguza kwa kuivuta pembe hakuondoi hata pikseli moja. Kunabadilisha mwonekano tu. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua kubana picha, na kidirisha kitakuonyesha vipimo vya sasa na kukuruhusu kuchagua pikseli kwa inchi pamoja na ubora wa JPEG. Kuna kitufe cha kukokotoa ukubwa mpya kabla hujakubali. Kwa picha za kawaida natumia JPEG. Kwa picha za skrini na michoro yenye mistari nachagua njia isiyopoteza ubora, maana JPEG inaacha vumbi kuzunguka herufi ndogo.

Mwanga, ukali wa rangi na gama (mwanga wa sehemu za kati za picha) vinarekebishwa humohumo, na vinatosha kuiokoa picha ya chuma cheusi kilichopigwa picha gizani. Kuigeuza picha iwe ya kijivu ni kubofya mara moja, na nashauri kuifanya hivyo mapema kama mwongozo utatolewa fotokopi: utaona mara moja kama waya mwekundu na wa kijani vimegeuka kuwa kitu kimoja. Vichujio vya kuifanya picha ifanane na mchoro wa mkaa au picha ya zamani vipo. Mwongozo hauna haja navyo.

Pengo kubwa liko kwenye mishale. Mwongozo unataka mshale unaoonyesha skrubu, na duara lenye namba 3 kando yake. Writer ina zana za kuvichora, lakini picha iliyoingizwa haikubali kuunganishwa na maumbo hayo kuwa kundi moja. Unaisogeza picha, mshale unabaki pale. Njia yangu ni LibreOffice Draw, iliyo ndani ya kifurushi hichohicho: naiweka picha humo, nachora mishale na namba, natoa faili la picha la PNG, kisha ndani ya Writer nabadilisha picha ya zamani kwa mpya kupitia kitufe cha kulia. Nanga inabaki ileile. Ni hatua ya ziada, na kwa mtu mwenye mishale mingi inachosha. Kuondoa mandharinyuma ya picha nako hakumo. Kazi hiyo ipeleke GIMP, programu ya kuhariri picha.

Kuna mtego mmoja wa kunakili kutoka kwenye kurasa za wavuti. Ukibandika sehemu ya ukurasa yenye picha, picha inaweza kuja kama kiungo tu, ikisubiri intaneti kila unapofungua waraka. Fungua orodha ya viungo vya mafaili ya nje kwenye menyu ya kuhariri, uvunje kiungo, nayo picha itaingia ndani ya faili. Au nakili picha peke yake, kisha tumia ubandikaji maalumu, Ctrl+Shift+V, uchague ije kama picha.

Maelezo chini ya picha yanajihesabu yenyewe, na hili limenipunguzia kazi kuliko ninavyoweza kueleza. Ukiongeza picha katikati, ya 7 inakuwa ya 8, na marejeo ndani ya maandishi nayo yanabadilika ukishasasisha sehemu zake. Orodha ya picha mwanzoni mwa mwongozo inatengenezwa kutokana na maelezo hayohayo. Na ukibonyeza F5 unapata kirambazaji chenye majina ya picha zote. Zipe majina ya maana, kama "pampu kifuniko cha nyuma"; ukiziacha na majina ya kujipa, utatafuta hadi uchoke.

Nasisitiza pia maandishi mbadala. Nina msomaji mmoja wa miongozo yangu asiyeona, anayesikiliza waraka kwa kisoma skrini, naye ni fundi hodari. Picha isiyo na maandishi mbadala kwake ni ukimya. Writer inakupa mahali pa kuyaandika, na ina ukaguzi wa ufikivu unaokuorodheshea kila picha iliyoachwa tupu. Andika kinachoonekana na kinachofanyika: "Mkono wa kulia unalegeza skrubu ya juu kwa kuizungusha kinyume cha saa." Usiandike "picha ya skrubu".

Ukifanya kazi na wanaotumia Microsoft Word, hifadhi nakala ya docx, kisha uifungue na kuikagua kabla ya kuituma. Picha za kama herufi ndizo zinazovuka salama zaidi. Zilizozungukwa na maandishi kwa umbo la ajabu ndizo zinazoweza kusogea. Nakala ya kuchapisha itoe kwa PDF. Kidirisha cha kutoa PDF kinakuja kimeshawekwa JPEG ya ubora wa asilimia 90 na pikseli 300 kwa inchi, na mimi sivigusi hivyo kwa kazi ya karatasi. Kwa mwongozo wa kusomwa kwenye simu nashusha hadi 150, na picha bado zinaonekana vizuri.

Kwa anayetengeneza mabango au majarida yenye picha zinazoingiliana, Writer si mahali pake, atafute Scribus, programu ya kupanga kurasa. Kwa miongozo, ripoti, tasnifu na vitabu vya mafunzo, mimi sioni sababu ya kulipia kitu kingine.