Kibanda cha mia tano, Magomeni Mtwara: "Wanashuka tu, mama"

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama si yale mabenchi. Ya tano mwenye kibanda kaipoteza mwenyewe kwa kidole gumba, nitaeleza.

Kibanda hiki cha kuonyesha filamu na mpira kiko Magomeni, hapa Mtwara mjini, uchochoroni. Hakina bango. Utakijua kwa spika inayoning'inia nje na watoto wanaochungulia kwenye matundu ya bati. Kiingilio mia tano, siku ya Simba na Yanga elfu moja. Televisheni ni bapa, kubwa ya kutosha, imefungiwa kwenye kizimba cha nondo kama mfungwa. Mbele kuna viti sita vya plastiki vya watu wanaojulikana, nyuma yake mabenchi ya mbao ya sisi wengine. Vibanda hivi havikuitwa vibanda umiza kwa utani. Mimi nabeba khanga ya ziada, naikunja mara nne, nakalia.

Mimi ni fundi cherehani. Kabla ya hapo nilibangua korosho miaka kumi na moja, na naomba mlishike hilo, tutalirudia.

Unacholipia pale hasa ni mtafsiri. Ni kijana tu, anakaa pembeni na maiki, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kutupa Kiswahili papo hapo. Filamu za ngumi hana mpinzani. Jambazi anatokea Chikongola, mtaa wa hapahapa Mtwara, helikopta inatua uwanja wetu wa Nangwanda, na anayekufa hafi mpaka atubu kwanza kwa mkewe. Watu wanacheka hadi benchi linatikisika.

Shida ilianza siku ya Parasite, ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Ni ya mwaka 2019, ikachukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Niliomba mwenyewe iwekwe. Ni familia inayoishi chumba ambacho nusu yake iko chini ya ardhi, dirisha lao liko usawa wa miguu ya wapita njia, nao wanaingia mmojammoja kufanya kazi kwenye nyumba ya tajiri iliyo juu kilimani. Picha ya kwanza kabisa ni soksi zimeanikwa dirishani, kisha kamera inashuka taratibu mpaka kwa kijana aliyekaa chini. Hajasema mtu neno, na umeshajua hawa ni watu wa chini.

Basi tukafika usiku wa mvua. Watatu wa familia ile wanatoroka nyumba ya tajiri na kurudi kwao kwa miguu. Wanashuka ngazi, wanapita chini ya daraja, wanashuka ngazi nyingine, na nyingine, mvua inawamwagikia, na maji yanashuka pamoja nao. Hakuna anayeongea la maana. Mwenye kibanda akachukua rimoti na kupeleka mbele.

Nikapiga kelele: "Rudisha!"

"Wanashuka tu, mama."

"Ndiyo filamu yenyewe hiyo, mwanangu!"

Watu wakacheka, lakini alirudisha, tena akachelewa kubonyeza kwa hiyo tukaanzia katikati. Hii ndiyo nyota ya tano. Ukikata zile ngazi, mtazamaji anaona watu wamelowa, basi. Ukiziacha ndefu vile zilivyo, magoti yako yenyewe yanahesabu umbali kati ya sebule ile na chumba kile, na wakifika wanakuta maji yamejaa nyumbani mpaka kifuani. Mtaa ule waliujenga ndani ya bwawa la kupigia picha ili waweze kuufurikisha. Asubuhi yake mama tajiri yuko kwenye gari anaongea na simu, anashukuru mvua imesafisha hewa, na anayemwendesha ni yule baba aliyelala kwenye ukumbi wa waathirika. Bong hakumpa yeyote hotuba ya umaskini. Kaweka mvua moja juu na chini, na kazi ikaisha. Filamu zetu nyingi, jamani, mtu akiwa maskini lazima amwambie jirani, jirani amwambie shangazi, na muziki wa kilio uingie mara tatu.

Sasa harufu. Filamu haina harufu, kwa hiyo mwongozaji anatumia pua za watu: mtu anakunja uso, mwingine anashusha kioo cha gari. Bwana tajiri anamwambia mkewe kwamba dereva ananuka kama kitambaa kilichochemshwa, na dereva mwenyewe kajificha chini ya meza, anasikia kila kitu. Kamera inamkalia usoni. Mtafsiri wetu alisita kidogo, kisha akasema kwenye maiki: "Ananuka moshi wa ganda la korosho."

Banda zima likanyamaza. Mimi nikaangalia vidole vyangu. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, tulikuwa tunapaka majivu na bado vidole vinabaki vyeusi. Nimewahi kuwekewa chenji juu ya meza na mwenye duka ambaye wateja wengine wote aliwapa mkononi. Kijana yule alinifikisha pale kwa maneno sita.

Hata hivyo nilimsubiri nje nikamwambia kuwa amekosea kidogo. Binti wa familia ile anasema wazi kwamba harufu yao ni ya chumba cha chini, haitatoka mpaka wahame. Ni harufu ya nyumba. Ya kwetu ilikuwa ya kazi, unaweza kuiacha na kazi yenyewe ukapata cherehani. Akafikiri, akaniambia, "Sawa mama, lakini wangeelewa?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Baada ya hapo nikapata heshima fulani. Jumatatu moja mchana, wateja saba tu, wakaniwekea La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966, nyeusi na nyeupe, muda wake kama saa moja. Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Anafika anakuta ni kupika, kufua na kufagia, na hatoki nje. Mdomoni husema "ndiyo, bwana" na "ndiyo, bibi", lakini tunasikia mawazo yake, marefu, yenye hasira. Mtafsiri alifanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha: "ndiyo, bibi" aliisema kwenye maiki, mawazo akaweka maiki pajani na kuyasema kwa sauti yake tu. Ilibidi tuiname mbele kumsikia. Nyota ya pili na ya tatu ni zake hapo.

Halafu kinyago. Diouana aliwapa mabosi wake kinyago kama zawadi. Kule Dakar kilitundikwa pamoja na vingine, Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, na Sembène anakirudia kila baada ya muda. Mzee mmoja wa Newala aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Lipiko halina mtu ndani, hilo ni kuni." Lipiko ni kinyago kinachovaliwa kwenye ngoma za Wamakonde. Mimi mwanamke, kwa mila sikutakiwa hata kujua kama lipiko lina mtu ndani, kwa hiyo nilikaa kimya. Lakini mwishoni, kinyago kikiwa kimerudishwa Dakar, mtoto anakivaa na kumfuata yule bwana mtaani, na bwana anaongeza mwendo akigeuka nyuma kama aliyeona jini. Nikamsikia mzee anacheka polepole: "Haya. Sasa kina mtu."

Mengineyo kwa ufupi. Feni moja, inawapepea wa viti vya plastiki. Umeme ulikatika mara mbili mwezi ule, sisi watu wa gesi ya Mnazi Bay inayofua umeme, na kiingilio hakirudishwi, unaambiwa njoo kesho. Choo ni cha jirani, umwombe vizuri. Mlangoni kuna mama anauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, nunua kabla ya kuingia maana ndani ni giza na utalipa mara mbili.

Nenda siku za kazi, saa kumi jioni, kabla vijana wa mpira hawajajaa. Mwenye kibanda siku hizi akiniona ananiuliza kabla ya kuchomeka flashi: "Mama, hii ina ngazi?" Nikisema inazo, rimoti ananipa mimi. Nenda na mia tano yako mkononi, chenji ya elfu kumi hana.