Diko zuri, ila ubao wa maji unapotosha

Nimeshusha boti mtoni kwenye diko hili mara 6. Mara 4 bila shida. Hizo 2 ndizo zilizonifanya niandike.

Gati lake linaelea, linapanda na kushuka na maji, kwa hiyo huhangaiki kulegeza kamba wala huruki kutoka juu kama mbuzi. Mteremko ni wa zege lenye mifereji, matairi yanashika hata pakiwa na utelezi, na juu kuna nafasi ya kutosha kugeuza gari na trela lake. Mlinzi anakupokea kamba hata hujamwomba.

Tatizo ni ubao. Kila siku wanaandika kwa chaki saa za maji kujaa na kupwa. Siku ya kwanza ubao ulisema maji yanafika mwisho wa kupwa saa 4 asubuhi, nami nikarudi saa 7 kasoro robo nikijua mto umejaa nusu. Nikakuta matope matupu. Kumbe saa zile ni za kule mto unapoingia baharini, na kujaa na kupwa kunachukua muda kufika hadi huku juu. Nikarudisha trela nyuma hivyo hivyo, gurudumu moja likapita ukingo wa zege na kutumbukia. Pale mwisho pana shimo, limechimbwa na mapanga ya injini za watu wanaopandisha boti kwenye trela kwa kukanyaga mafuta. Tulisubiri maji zaidi ya saa mbili. Shemeji yangu akakalia ndoo ya chambo akasema, "Shemeji, leo mto ndio umetuvua sisi."

Mara ya pili ilikuwa ni tamaa. Uvuvi hapa ni mzuri maji yanapotoka, kwenye midomo ya vijito: kamba wa kuliwa na visamaki vinasombwa nje, samaki waitwao hongwe wanasubiri chini. Tumia uzito wa kutosha, la sivyo mkondo unaubeba mshipi wote. Nilikuwa nimevuta hongwe wa tatu nilipohisi boti imekaa chini, imekwama. Nikatazama saa: kwa ubao, maji yalipaswa kuwa yanarudi. Yalikuwa bado yanatoka, tena kwa kasi, maana mvua ya juu ilikuwa imeongeza maji ya mto.

Na nanga funga omo, yaani mbele ya boti, kamwe usifunge tezi, yaani nyuma; mkondo huu unaweza kuingia botini kwa nyuma kabla hujamaliza kupiga kelele. Amari, yaani kamba ya nanga, iwe ndefu: kwenye kina cha mita 4 mimi natoa mita 20 au zaidi, na kina nakipima kwa maji yakiwa yamejaa.

Siku hizi naenda na hesabu yangu. Nilikaa gatini na saa mkononi: kujaa kunachelewa kwa saa 2 na dakika 40, kupwa kwa saa 3 hivi. Nikamwambia mhusika, akajibu watarekebisha. Wiki iliyofuata chaki ilikuwa mpya, saa ni zile zile za baharini. Mlinzi, yeye, ameandika nyongeza yangu kwa mkaa kwenye nguzo ya gati, na nimeona wenye boti wakisoma nguzo kwanza.

Nyota 3 kati ya 5. Wakirekebisha ubao naongeza ya nne. Ya tano ni mpaka wazibe lile shimo.